Uzito Uliotajwa kwa Sauti

Mzee alikuwa mpima mizani katika ghala la nafaka. Shule hakuiona, ila namba za mizani zilikuwa mwilini mwake. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: gunia linawekwa juu ya bamba, anasogeza jiwe la chuma, anangoja mkono wa mizani utulie, kisha anataja uzito kwa sauti ili karani aliyekaa nje aandike. Ujana na uzee wake vilipita akitaja kwa sauti.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya jirani, mnene, mwenye maneno ya kuchekesha. Daktari alishamwonya kwamba moyo wake umeelemewa. Basi serikali ilipoleta mpango wa kupunguza unene, nesi wa zahanati akawa anawakusanya akina mama asubuhi, wanauzunguka uwanja wa mpira. Mke wa Mzee alianza kwa kujivuta, kisha akanogewa.

"Baba watoto," alisema jioni moja, "leo nimepanda ngazi zote za shule, sikusimama kuhema."

Mzee alifurahi mpaka akasahau kula.

Tatizo likawa mizani ya zahanati. Mama alipopanda, mshale ulifika mwisho ukagota. Nesi alitaka kujua uzito wa kuanzia. "Mama, si mumeo ana mizani kubwa? Nenda kwake akupime."

Alikuja ghalani saa ya mapumziko, amevaa gauni lake la kutokea. Wachukuzi walikuwa nje wanakunywa chai.

"Usinicheke," alimwambia mumewe.

"Nicheke nini? Panda."

Akavua viatu, akapanda. Mzee akasogeza jiwe, mkono ukatulia. Maneno yakamtoka kwa mazoea:

"Mia na arobaini na mbili!"

Nje, karani aliyekuwa anasinzia akaitikia, naye kwa mazoea: "Gunia la nini hilo?"

Wachukuzi wakaangua kicheko. Mmoja akachungulia, akaona aliye juu ya bamba, akaziba mdomo. Maji yalishamwagika. Mama alishuka, akavaa viatu, akapita katikati yao bila kuinamisha kichwa. Jua halijazama, mtaa mzima ulishaijua namba ile.

Uwanjani hakurudi tena.

Nesi alimfuata nyumbani. "Mama, tunakukosa."

"Nitakuja, mwanangu, nikishapata mnunuzi wa gunia hili."

Nesi alicheka, na yeye akacheka zaidi, lakini hakwenda. Karani naye alikuja kuomba radhi. Akapewa chai, akataniwa, akaondoka roho nyeupe. Mzee peke yake ndiye aliyemwona mkewe akishika fremu ya mlango kutafuta pumzi.

"Twende wote," alimsihi. "Mimi na wewe, kwa njia ya nyuma. Hatatuona mtu."

"Miguu imekataa, mume wangu."

"Si miguu. Ni mimi. Mdomo wangu umeniponza. Lakini sikukucheka."

Mama alimshika mkono. "Najua hukunicheka. Uliwaita wacheke."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Baada ya hapo Mzee kila asubuhi aliviweka viatu vya mkewe karibu na kitanda. Kila asubuhi mama alivisogeza kwa mguu, akaenda jikoni. Ngazi za shule akawa anazipanda kwa vituo. Baadaye akaomba apumzike kazi.

Mvua za mwaka ule hazijaisha, moyo wake ulisimama. Alikuwa anakunja nguo. Mzee alidhani ameinama kuokota kitu.

Wachukuzi wa ghala ndio waliobeba jeneza. Mishipa ya shingo iliwasimama, na hakuna aliyeguna. Karani alitangulia mbele kuondoa watu njiani. Nyuma walikuja wanawake wa uwanjani, wote na raba zao za mazoezi miguuni. Walizoea kutembea haraka, lakini siku ile walikwenda taratibu, mwendo ambao mama angeumudu.