Sauti Iliyokataa Kutoka

Wiki iliyopita dada yangu alinitumia ndizi kutoka nyumbani, zimetiwa kwenye gunia na kufunikwa kwa majani makavu ya mgomba. Nilipolifungua gunia hilo jikoni, harufu yake ilinifanya nisahau nilichotaka kupika. Ni harufu ya vumbi tamu lenye uchachu kidogo, na najua mtu mwingine hataona la ajabu hapo. Kwangu mimi ndiyo harufu ya karate. Magunia yaliyoshindiliwa majani ya mgomba ndiyo yaliyokuwa magodoro yetu ya kuangukia, na yalikunywa jasho letu mpaka yakawa hayakauki tena.

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Mutwiri, kijana mrefu aliyesomesha hesabu katika shule yetu karibu na Mikinduri, na ambaye alijifunza mchezo huo alipokuwa chuoni. Kila Jumamosi alitukusanya katika ukumbi wa kanisa. Mama alisita kuniruhusu kwa sababu alikuwa amesikia kwamba tunauinamia ukuta, naye hakumzaa binti ili aje aabudu ukuta. Mwalimu alikuja nyumbani akamweleza kwamba ni salamu tu. Mama akasema salamu hazina dhambi, ila niombe kwanza kabla ya kuinama.

Mikono na miguu ilinitii mapema. Kilichonishinda ni sauti. Kila pigo la mwisho lilipaswa kwenda pamoja na ukelele mmoja mkali, ambao Mwalimu aliuita kiai. Wenzangu walifoka mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye dari. Mimi nilitoa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia, na siku nyingine hata huo haukutoka.

"Karimi," Mwalimu alikuwa akiniambia, "hiyo sauti ni ya kuomba chai. Mimi nataka ile ya tumboni."

Msinicheke. Kwetu mayowe hayakuwa mchezo. Mtu alipiga mayowe kwa ajili ya moto, mwizi au kifo, na kila aliyeyasikia aliacha alichokuwa akifanya, akachukua panga na kukimbia. Nyanya yangu alikuwa na fimbo maalumu ya wajukuu wanaopiga kelele za bure, na fimbo hiyo ilinijua. Nililelewa kuimeza sauti yangu, na kwa kweli nilikuwa nimebobea.

Kisha yakatangazwa mashindano ya shule kule Embu. Mimi sikuwa nimevuka mji wa Meru maishani mwangu, na jina Embu lilinikosesha usingizi. Mwalimu akatuambia waziwazi kwamba asiye na kiai haendi. Hakunitazama alipolisema, lakini wote walinitazama.

Ndipo nikapata wazo langu. Alasiri ya siku ya soko, watu wengi wakiwa Mikinduri, niliteremka hadi mwisho wa shamba letu, chini kabisa karibu na kijito, ambako miti ya miraa ilikuwa mirefu na kivuli ni kizito. Nilijiambia kwamba huko hakuna wa kunisikia. Nikasimama kama nilivyofundishwa, nikavuta pumzi, nikapiga ngumi hewani. Mlio wa paka. Nikarudia. Paka yule yule. Nikakasirika. Niliikasirikia fimbo ya nyanya, nikawakasirikia wenzangu waliokuwa wameanza kuulizana nguo za kuvaa Embu, na hasira hiyo ikashuka tumboni. Nilipopiga tena, kitu kilipasuka ndani yangu na sauti ikatoka. Ilikuwa kubwa mno. Iligonga ng'ambo ya bonde ikanirudia, nami nikasimama nikiicheka kwa furaha.

Sikucheka sana. Juu kule mtu aliijibu kwa mayowe, mwingine akayapokea, na kabla sijaelewa nililofanya bonde zima lilikuwa likilia. Nikasikia miguu ikishuka mbio na matawi yakivunjika. Na hapo hapo, kutoka upande wa kijito, akatokea mwanamume nisiyemjua, ana gunia begani, anahema kwa kupanda mteremko. Alinitazama, akatazama kulikokuwa kukitoka kelele, akauliza, "Mtoto, kuna nini huku?"

Sikupata nafasi ya kumjibu. Walimfikia. Gunia liliruka kule, yeye akaanguka huku, na duara la mapanga na rungu likamfunika.

"Umefanya nini huyu mtoto?"

"Wazee, mimi napita tu! Mimi ni mtu ya asali, natoka Gachoka, naenda soko!"

"Soko gani inapitia kwa shamba ya watu? Wewe ulifuata huyu msichana!"

"Haki ya Mungu sijamgusa! Muulizeni yeye!"

Wakaniuliza. Uso baada ya uso, wote wakubwa, wote wakitweta. Baba alikuwa mbele yao, uso wake umekuwa wa kijivu, panga lake limeinuliwa tayari. Nilifungua mdomo na hakukutoka kitu. Hata paka alinikimbia. Nilielewa vizuri kabisa kwamba mtu yule angekufa mbele yangu kwa sababu yangu.

"Mnaona?" akasema mtu. "Amemtisha hadi hawezi kusema."

Mama Mwenda, jirani yetu, mwanamke mwenye kifua kipana na huruma zaidi ya kifua hicho, alinivuta akanifunika kwa leso yake. "Usiangalie, mwari wakwa, binti yangu," akaniambia. "Usiangalie." Alinikumbatia kwa nguvu zake zote. Ndani ya leso ile kulikuwa na giza na harufu ya moshi, na nje yake nilisikia rungu likitua na yule mtu akilia kwa sauti nyembamba.

Sasa niwaambie ukweli: katika maisha yangu yote, nje ya mchezo, mtu pekee niliyewahi kumpiga karate ni Mama Mwenda. Nilishusha uzito, nikainua viwiko, nikageuka kama Mwalimu alivyotufundisha kujinasua, na mama wa watu akaketi chini kwenye majani bila kupenda. Nikapanua miguu. Nikapiga ngumi mbele yangu, na sauti ikatoka.

Wote waligeuka. Hata rungu lililokuwa juu lilibaki juu.

"Ni mimi!" nikasema, na sikuweza kunyamaza tena. "Ni mimi nilipiga kelele! Nilikuwa nafanya mazoezi ya karate! Huyu alikuja baadaye! Hajanigusa!"

"Ameogopa tu," mtu mmoja akasema. "Anamfichia."

Baba alinitazama. Panga halikushuka. "Karimi," akasema polepole, "hebu fanya tena."

Basi nikafanya tena. Mbele ya mapanga na rungu, na Mama Mwenda akiwa bado chini anatafuta leso yake, nilicheza mafunzo yetu yote kuanzia mwanzo, na kila penye kiai nilipiga kiai. Nilipomaliza niliinama kwa salamu. Kisha mzee mmoja nyuma akacheka, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu, na mapanga yakaanza kushuka moja baada ya jingine.

Yule muuza asali aliinuliwa, damu ikimtoka sikioni. Watu walimpangusa vumbi kwa mikono ile ile. Alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia, akaketi akilia waziwazi kama mtoto.

Kule Embu nilikwenda, na nilishindwa katika pambano la kwanza kabisa na msichana mwembamba aliyepigana kimya. Sikujali sana. Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi ya bondeni kwa majivuno, nikiwaambia watu kwamba nikiwa darasa la saba niliokoa maisha ya mtu.

Lakini kuna jambo ambalo sikuwa nikilisimulia, kwa kuwa sikulielewa. Jioni ile baba hakula. Aliketi nje kwenye kigoda, akaomba maji ya kunawa, akanawa, akaomba mengine. Nilidhani amenikasirikia, nikajificha chumbani nikingoja kuchapwa. Hakunichapa. Na siku ya Embu, yeye ambaye hakuwahi hata kuja shuleni kuchukua ripoti, aliacha miraa ikiwa tayari kuvunwa akanisindikiza mwenyewe. Niliposhindwa alisimama akapiga makofi, akaendelea kupiga watu wote walipokwisha kunyamaza, mpaka nikaona haya na kudhani kwamba hajui sheria za mchezo.

Ilinibidi nizae watoto wangu, nijue hofu ya mzazi inavyoupofusha moyo, ndipo nikaelewa. Panga lililokuwa karibu zaidi na shingo ya mtu wa Gachoka lilikuwa la baba yangu. Siku ile nilidhani nimemwokoa mgeni, kumbe baba alijua kwamba kulikuwa na watu wawili waliorudi nyumbani kwao kwa sababu nilifungua mdomo.