Msusi Asiyemaliza Filamu

Msusi wangu huzima kila filamu kabla ya mwisho. Vidole vyake vinasuka, macho yapo kwenye runinga, na hukumu humtoka huku ameng'ata kichana: ya Kihindi ina mashangazi wengi mno, ya Kifaransa watu wanavuta sigara tu, hakuna anayekwenda kazini. Jumamosi ilikuwa ya Kijapani, ya mjane ambaye bado anamfungia marehemu mumewe chakula cha kazini. Nikamwomba aiache iishe.

"Dada, ukilia kichwa kitatikisika, mistari ipinde. Na Jumatatu si una usaili?"

"Mimi filamu nimezisomea chuoni," nikasema. "Naangalia ilivyopigwa tu."

"Haya, mwalimu."

Mjane alipoketi, akafungua kile chakula na kukila mwenyewe, mabega yangu yakaanza kucheza. Nikangoja kukemewa. Nikamtazama kwenye kioo: amefumba macho kabisa, mashavu yamelowa, anasuka kwa kupapasa.

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Jumatatu niliingia kwenye usaili na mistari iliyopinda kama njia ya mbuzi, na mwenyekiti wa jopo alipoitazama mara ya tatu, nikamwambia ni mtindo wa Kijapani.