Chumba Kinachosubiri Mgeni Rasmi

Kidato cha nne tulisoma tanzia moja ya zamani. Kiongozi ameuawa, wauaji wanapanda jukwaani, na umati uliolia asubuhi unawashangilia mchana. Mwalimu akatuuliza wauaji wamewanasaje watu hao. Nikajibu, kwa maswali. Msemaji anauliza yenye jibu moja tu: kuna asiyeipenda nchi yake hapa? Nani atanyoosha mkono? Nilipewa alama zangu, nikaolewa, nikadhani yameishia darasani.

Mwaka jana diwani alikuja kijijini kwetu, huku nyuma ya mji wa Mtama. Chumba cha kujifungulia pale zahanati kilikuwa kimekwisha kujengwa, kitanda kimo, lakini kimepigwa kufuli miezi na miezi kikisubiri mgeni rasmi aje kukizindua. Mwanangu wa kwanza nilimzaa barabarani, dereva wa bodaboda amegeuzia uso mikorosho. Wa pili alikuwa amebakiza wiki tatu.

"Shikamooni mama zangu," diwani akaanza. "Kuna mama hapa asiyependa maendeleo?"

"Hakunaaa."

"Kuna asiyetaka kumheshimu mgeni?"

"Hakunaaa."

Nikasimama na tumbo langu. "Mheshimiwa, na mimi nina swali. Huyu akitaka kutoka kabla mgeni hajafika, nimwambieje?"

Wanaume wakacheka, naye akacheka. "Binti yangu, mimba ina hasira. Mama zangu, hebu mpozeni mwenzenu kwa vigelegele."

Kwetu vigelegele huanzishwa na mama mkwe wangu. Wanawake wote humsubiri yeye, na wasemaji wanajua, ndiyo maana huwekewa kiti mbele. Sasa mama huyu hanipendi, anasema shule imeniharibu mdomo. Nikajua nimekwisha.

Mama mkwe hakupiga. Diwani akatabasamu, akasubiri, akasubiri tena.

"Mjibu mkamwana wangu kwanza," mama akasema. "Mimi koo limenikauka."

Diwani akarudia habari za heshima, safari hii bila mtu wa kumwitikia. Wanawake tukakunja mikeka yetu, tukaenda kuitandika mlangoni pa kile chumba, tukakaa mpaka muuguzi akaletewa ruhusa ya diwani afungue.

Watu wananiambia nikamshukuru diwani. Nimshukuru kwa lipi? Ufunguo ulikuwa hapa hapa kijijini siku zote. Binti yangu amezaliwa humo, kitandani, bibi yake akiwa kando. Mgeni rasmi bado hajaja, na akija, maswali nitaanza kuuliza mimi.