Alikuwa Amefunga

Mpaka leo nikimkumbuka yule konstebo na kalamu yake, damu inanichemka. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni, na bibi mmoja mzee, jirani yangu hapa Majengo, alikutwa amekufa chumbani mwake. Alikuwa mifupa mitupu, kucha zimepindana, nywele zimeshikamana, godoro limeoza chini yake. Mgeni akiona vile huuliza mara moja ni nani aliyemtesa. Konstebo aliuliza, na watu wasio na haya wakamwonyesha mpwa wa marehemu, muuza vitumbua aliyempelekea chakula kila siku.

Mimi ndiye niliyetoa maelezo. Nilisema, "Afande, bibi alikuwa amefunga."

Kila aliyempigia hodi alijibiwa hivyo kutoka ndani: nimefunga. Kwetu neno hilo halina mjadala. Mtu analipa siku zake za Ramadhani, au anafunga sunna. Wewe unaacha chakula mlangoni unakwenda zako. Asubuhi hakipo, tukajua amefuturu. Tulimsifu kwa ucha Mungu wake. Basi yule konstebo, mtu wa bara asiyejua saumu wala hakutaka kuuliza, akaandika kwamba bibi alikuwa amefungiwa ndani, akanyimwa chakula. Mpwa alichukuliwa siku hiyo hiyo, unga wa mchele ungali mikononi.

Nilikwenda kituoni kesho yake, nikamwambia nilisema amefunga, si amefungiwa. Konstebo hakuinua hata kichwa.

"Mama, wacha kutusumbua. Mtu akifungiwa, amefungiwa."

Nilitamani kumnyang'anya ile kalamu. Mpwa yuko korokoroni, maiti wetu amelala chumba cha maiti cha serikali bila kuoshwa wala kuzikwa, na yeye ananifundisha Kiswahili!

Siku ya tatu nilimpata inspekta mmoja mtu mzima, akakubali kuja kuona. Nilimwonyesha komeo: liko upande wa ndani, na mlango ulivunjwa na vijana wetu waliposikia harufu. Akapiga magoti, akamulika uvunguni. Vilikuwa huko vitumbua vyote, vimefungwa kwenye magazeti, vimekauka, panya wamevila kuliko yeye. Sandukuni mlikuwa na sabuni ambazo hazijafunguliwa na kanga ambazo hazijavaliwa.

"Huyu hakunyimwa," alisema. "Alijiacha. Nimewaona wengine hivi, na kila mara tunakimbilia kumshika aliyekuwa akimsaidia." Akatoa daftari. "Lakini mkubwa wangu ataniambia labda alikuwa anafunga kweli, na huyu mpwa alikuwa anamletea futari mbovu isiyolika. Una hakika gani kwamba bibi alikuwa anajiacha?"

"Siku ya Idi pia alisema amefunga."

"Na siku ya Idi watu hufunga?"

"Ni haramu. Hata mtoto anajua."

"Nani alimsikia?"

"Mimi. Nilimpelekea pilau."

"Ukafanya nini?"

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha kuwachoma wote, konstebo na majirani na ulimi wao. Sasa sikujua niipeleke wapi.

"Nilimwambia Mungu aipokee saumu yake," nilijibu, "nikarudi na pilau yangu."

Aliandika neno kwa neno. Mpwa aliachiliwa jioni ile kwa maelezo hayo, nami nilipokuwa nikiyatia sahihi alikuwa amesimama kando yangu, ananishukuru.