Mtihani wangu wa ualimu mbele ya kamanda wa Simba, Uvira

Wakuu, salamu kutoka Songo, Uvira.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na kidogo, mwalimu mstaafu. Humu huwa nasoma tu na kucheka peke yangu. Leo naandika. Sitatia chumvi, umri huu hata daktari amenikataza.

Juzi kuna uzi vijana walikuwa wanalalamika kwamba mitihani ya serikali ina usumbufu. Nikasema ngoja niwape wangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Wabelgiji waliokuwa wanakagua shule walishaondoka, na walimu wenye cheti walikuwa wa kutafuta. Serikali ikaitisha mtihani kwa sisi tuliokuwa tunafundisha bila cheti. Ukifaulu, unapewa darasa la kudumu.

Baba alishafariki, mama ana wadogo zangu nyumbani, wote macho kwangu. Nikikosa cheti narudi ufukweni kuanika ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Si kazi mbaya, lakini niliichukia, nisiwafiche.

Kuandika tuliandika salama. Likabaki somo la majaribio, yaani unafundisha watoto wa kweli huku juri ya watahini imekaa inakutazama.

Kabla siku haijafika, waasi wakaingia mji. Wenyewe walijiita Simba. Inspekta aliyetakiwa kutoka Bukavu hakuonekana tena. Tukajua mtihani umekufa.

Kumbe wapi! Wakubwa wapya wakasema mtihani wa serikali uendelee, maana serikali sasa ni wao. Juri ikawa ya watu watatu: direkta wa shule yetu, mwalimu mmoja mzee, na kamanda wa Simba aliyeitwa Byamungu. Kijana tu, mtu wa Luvungi, na kabla ya vita alikuwa mwalimu kama sisi.

Kwa wasiojua: wapiganaji wale walioshwa kwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie. Dawa ilikuwa na miiko yake, na mmoja ulikuwa huu: mwanamke asikuguse. Akikugusa, huna kitu mwilini mpaka mganga akuoshe upya. Na mwanamke mwenyewe alihesabiwa mchawi au mpelelezi. Tulishaona walivyofanywa wengine. Hapo nipite.

Asubuhi ile direkta akaniita pembeni.

"Binti, karatasi ya komanda uiweke kwa meza. Usimupe mu mukono."

Nikaitikia vizuri kabisa.

Sasa, desturi ya mtihani ule ni kwamba kabla ya kuanza unampa kila mtu wa juri karatasi ya maandalizi ya somo. Na kwetu mtoto wa kike amefunzwa tangu mdogo: mtu wa heshima hupewa kitu kwa mikono miwili, magoti umekunja kidogo. Nikampa direkta. Nikampa yule mzee. Mwili ukaendelea wenyewe, nikampa na wa tatu.

Naye alilelewa vilevile. Akanyoosha mikono miwili, akapokea. Vidole vyetu vikagusana.

Tukatazamana. Akaiweka karatasi mezani haraka. Direkta alikuwa anatazama sakafu.

Mlangoni kulikuwa na mpiganaji mwenye mkuki. Akasogea.

"Komanda, uyu mwanamuke alikugusa?"

"Hapana," Byamungu akasema. "Aliweka karatasi kwa meza. Weye rudi kwa mulango." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, anza."

Nikaanza. Somo lilikuwa nusu na robo, nikagawa mafungu ya ndagala mbele ya watoto. Niliogopa sana, wakuu, chaki ilinikatikia mkononi. Lakini watoto hawakujua lolote, walinyoosha vidole na kugombania kujibu kama kawaida yao, na hao ndio walionivusha.

Nilifaulu. Byamungu ndiye aliyenipa alama ya juu kuliko wenzake.

Juri ilipotoka nje, nikamkuta uani amesimama peke yake, mbali na watu wake. Nikasimama mbali pia.

"Komanda, uende kwa munganga akuoshe tena. Nakuomba."

"Nikienda ataniuliza ni nani alinigusa. Minye nitamujibu nini?"

"Useme haukumujua."

"Mu kile chumba mwanamuke alikuwa mumoja tu." Akatabasamu kidogo. "Weye fundisha. Somo yako iko muzuri. Lakini unaandika kadogo sana kwa tablo, batoto ba nyuma habaone."

Kesho yake lori liliwapeleka Luvungi kupigana. Baada ya siku kadhaa lilirudi na baadhi yao. Yeye hakuwemo. Nilimuuliza direkta, akatikisa kichwa tu, tukaingia madarasani.

Kile cheti hakikunisaidia kitu. Jeshi la serikali liliporudi, karatasi yoyote ya Simba ilikuwa hatari, mama akaitia motoni akapikia maharage. Nikafanya mtihani upya mbele ya inspekta wa kweli, nikafaulu tena, nikafundisha mpaka nikastaafu. Nadhani humu ni mimi peke yangu niliyefaulishwa mtihani uleule na serikali mbili zinazopigana.

Nikisimulia haya, wajukuu huniambia: "Koko, maji hayazuii risasi, angekufa tu."

Najua. Mimi ni Mkristo, dawa ile sikuiamini hata siku moja.

Lakini yeye aliiamini. Alipanda lori lile akijua hana kitu mwilini, na alijua sababu ni mimi, na hakunitaja.

Funzo langu ni hilo, mnisahihishe kama nimekosea: ukitaka kujua mtu alikupa nini, pima kwa imani yake yeye, siyo yako.

Uwanja ni wenu. Wenye kubisha wabishe, nimezoea darasa lenye kelele. Na kama humu kuna mtu wa Luvungi ambaye kwao wanamtaja Byamungu, mwalimu aliyekwenda na Simba asirudi, naomba aniandikie. Pengine nyumbani wanadhani dawa ilimdanganya.