Mshihiri Aliyetafuta Watani

Mtu aliyeniletea habari za msiba huu alicheka kwanza, kisha akaifuta midomo yake kwa kiganja na kunieleza kwamba Mshihiri wetu wa Temeke amefariki. Sikumlaumu kwa kicheko kile. Wasomaji wangu wa mjini ambao hawavuki kuja huku kwetu hawatamjua marehemu, maana duka lake lilikuwa kibanda cha udongo na mabati kwenye njia ya kwendea Mbagala, naye hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alitoka Shihiri, Uarabuni, ng'ambo ya bahari, miaka michache baada ya Mwingereza kuitwaa nchi hii kutoka kwa Mjerumani. Wakati huo Temeke ilikuwa mihogo na mikorosho, na mwalimu kijana kama mimi ilimbidi atembee mwendo mrefu kutafuta chupa ya mafuta ya taa. Mafuta hayo ndiyo yaliyonikutanisha naye.

Katika miezi yake ya kwanza alijifunza haraka mambo yote yanayoonekana kwa macho. Alijua kumwamkia mzee, alijua kupiga hodi mara tatu na kurudi asipojibiwa, alijua hata kula ugali bila kuutazama kwa huzuni. Tukamsifu sana. Kumbe nchi ni kama nyumba: ukumbi unaweza kuufahamu kwa siku moja, lakini mlango wa uani huuoni mpaka ujigonge nao. Yeye alijigonga kaburini.

Mwaka wa tatu wa Mshihiri hapa kwetu, alifariki jirani yetu Mzaramo, fundi wa kuezeka makuti. Tulipolifikisha jeneza makaburini, tukakuta kaburi lina mtu. Mnyamwezi mmoja, hamali wa bandarini pale Kurasini, alikuwa amelala chali ndani yake, mikono kifuani, akikoroma. Tulipomwambia atoke alifumbua jicho moja, akasema kwamba marehemu alimwezekea nyumba, ikavuja masika yote mpaka akahamia chini ya kitanda. "Leo na mie nimekuja kulala kwake," akasema, akalifumba lile jicho. Sisi tuliokuwepo tulijua la kufanya. Tulikuwa tumeanza kumbembeleza kwa ahadi ya kuku, kama desturi ilivyo, mara Mshihiri akavua viatu, akakunja kanzu, akaruka ndani. Akamshika Mnyamwezi mguu, akamvuta, huku akimwuliza kama ana mama, kama ana dini, kama ana haya. Mnyamwezi hakuwa amevutwa mguu kaburini maisha yake yote. Akamvuta na yeye. Wakabiringishana humo mpaka shehe akafunga kitabu, na tulipowatoa wote wawili walikuwa rangi moja, rangi ya mchanga wa Temeke.

Jioni nilikwenda dukani kumweleza, maana kazi yangu ni kueleza, na mtu aliyekosa kwa kutetea maiti hastahili kuchekwa bila kufundishwa. Nikamwambia kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Zamani za misafara walikutana njiani, wakagombana, wakaona kwamba wanaohitajiana hawana faida ya kugombana, wakaugeuza ugomvi kuwa mzaha. Tangu hapo mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia kitu chako, na kuuchezea msiba wako. Lakini ana wajibu pia: ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayebeba, na ndiye anayemfanya mjane acheke kidogo ndani ya kanga yake ili moyo usipasuke. Mshihiri alinisikiliza huku akifunga sukari kwenye karatasi. Akauliza, na mimi nikifa hapa, itakuwaje? Nikamtuliza kwamba asiwe na wasiwasi, tutakuja sote, tutamsomea, tutamzika kwa heshima na utulivu mkubwa.

"Utulivu," akasema. "Kama mgeni."

Mtu huyu mwaka uliotangulia alipata barua kwamba mama yake amezikwa, na barua yenyewe ilikuwa imekaa njiani miezi. Tulikwenda kumpa pole, tukakaa mkekani kwa adabu, tukanyamaza, tukaondoka. Sasa ndipo nilipofahamu kwamba ule ukimya wetu ulimwumiza, na kwamba alikuwa akihesabu mazishi yake mwenyewe kuwa hivyo hivyo. Kurudi kwao hakutaka tena. Lakini kufia hapa kama abiria, hilo alilikataa.

Siku ya pili alifunga duka mchana, jambo ambalo halijapata kutokea, akanichukua niwe shahidi, akaenda kwa yule Mnyamwezi kuomba utani. Mnyamwezi akamkalisha kwenye kigoda, akamweleza taratibu kwamba utani hauombwi kama moto. Ni lazima watu wawe wamepigana kwanza, kisha wakala pamoja. Sasa Washihiri na Wanyamwezi, bahari yote ile katikati, walipigana wapi?

"Jana, kaburini," Mshihiri akajibu.

Mnyamwezi akanitazama mimi. Nikasema nilikuwepo, vita ilikuwa kali na hapakuwa na mshindi. Akafikiri sana, kisha akamwita mkewe apike.

Msidhani mambo yalinyooka hapo. Mtani lazima achukue kitu cha mwenzake bila kuomba, basi Mshihiri, mtu ambaye hajawahi kuchukua hata tende ya watu, akaenda asubuhi akambeba jogoo wa Mnyamwezi mbele ya mke wa Mnyamwezi, akaondoka akitoka jasho. Kufika adhuhuri hakuweza kuvumilia. Akamrudisha yule jogoo ameshiba mchele, amefungwa kamba mpya mguuni, pamoja na ratili ya sukari, akaomba radhi mbele ya watu wote wa nyumba. Mnyamwezi alikuja kwangu akikaribia kulia. "Mwalimu, huyu mtani uliyeniletea amenivunjia heshima," akasema. "Ameniomba radhi! Watu wakisikia watasema sie si watani, majirani tu." Ikabidi nirudi dukani kueleza upya, safari hii kwa mifano. Mshihiri akaenda tena kumchukua jogoo, akamchinja, akamla, na manyoya akayapeleka kwa mwenyewe yamefungwa vizuri ndani ya karatasi ya sukari. Siku hiyo Mnyamwezi alipita mtaa mzima akiyaonyesha manyoya yale kama hati ya kiwanja.

Wakaishi hivyo kwa miaka mingi, wakiitana mwizi kutoka upande huu wa njia hadi ule. Basi juzi tulipokwenda kumzika, macho yetu yote yalikuwa kwa Mnyamwezi. Amezeeka, hawezi tena kushuka kaburini. Alikaa ukingoni juu ya mchanga, kichwa chini, hasemi. Jeneza likafika, hasemi. Maiti akashushwa, mbao zikapangwa, na mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika bila kicheko. Nikaogopa. Nilikumbuka neno lile moja nililolisema dukani kwa nia njema, utulivu, nikaona ndilo linalotimia mbele yangu, na udongo wa kwanza ulikuwa tayari kwenye jembe.

"Ngojeni," mzee akasema. "Mna haraka ya nini? Huyu hafungi duka kabla ya mteja wa mwisho. Ulizeni kwanza kama kuna anayetaka chumvi."

Mtu mmoja nyuma akasema yeye anataka mafuta ya taa. Mwingine akasema asimpe, chupa yake inavuja. Makaburi yakacheka. Hata shehe, ambaye ni mtu wa desturi kali, aligeuka upande kurekebisha kilemba kilichokuwa sawa. Tukamfukia tukiwa katika hali hiyo, machozi na kicheko pamoja, kama anavyozikwa mwenyeji.

Siku hizi huku kwetu wanahamia watu wengi, wa kusini, wa bara, na wa ng'ambo pia. Tunawapokea kwa upole, tunawapa kiti na maji, na tunaendelea kuwapa kiti na maji mpaka wanazeeka wakiwa bado wageni wetu waheshimiwa. Nami nilikuwa hodari wa upole huo. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, na ni kweli. Ila siku ya nne, ndugu msomaji, mtanie. Akikasirika, usimcheke ukaondoka. Keti umweleze, na asipoelewa umweleze tena, hakuna aliyezaliwa akijua. Na siku atakapokujibu, hata jibu likikuuma, meza mate ushukuru. Amefika.