Jirani Niliyemkubali kwa Sheha

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana ninayokueleza yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa mgonjwa wala sikuwa na usingizi.

Kwetu ni Mombasa. Nimeolewa Unguja, Mji Mkongwe, na mume wangu ni mpishi wa hoteli Jambiani, huja nyumbani mara moja kwa wiki. Nilipoolewa nilidhani nahamia mtaa wa pili tu. Lugha ni hiyo hiyo, dini ni hiyo hiyo, hata ubishi wa pilau ni ule ule. Lo! Kumbe mbele ya serikali mimi ni mgeni sawa na Mzungu wa kaptura. Nilitakiwa nipate kibali cha ukaazi, na kibali hakitoki bila barua ya sheha wa mtaa, na sheha haandiki barua mpaka jirani aje aseme kwamba anakujua na kweli unakaa pale.

Jirani yupi? Nyumba zote za uchochoro wetu zimegeuzwa za kulaza watalii. Leo huyu, kesho yule. Sisi tunakaa ghorofani, na chumba cha chini kina kufuli lililoshika kutu. Mume wangu alijitolea kunishuhudia, sheha akakataa, mume si jirani. Muda wangu wa kukaa ulikuwa unakwisha wiki ile, nami nina mimba kubwa. Bila barua ningerudi Mombasa nikazalie huko, mume wangu abaki huku na masufuria yake. Nililia, sikufichi.

Nikaenda tena kwa sheha peke yangu, kumwomba anionee huruma. Nimekaa barazani nangoja zamu, akaja bibi mmoja amevaa buibui la kamba, lile la zamani ambalo siku hizi hulioni tena njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yamekuvimba? Nani kakuliza?"

Nikamweleza yote. Si unajua mtu akikuuliza kwa upole unavyomwaga? Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama mtungi, tukaingia pamoja.

"Sheha, mie nnamjua huyu," akasema. "Anakaa juu yangu. Kila asubuhi nnamsikia akimwimbia mwanawe tumboni."

Kweli nilikuwa nikimwimbia. Lakini hata mume wangu alikuwa hajui.

Sheha, ambaye alikuwa mpya mtaani, akanigeukia. "Na weye, unamjua bibi huyu? Anakaa chini yako?"

Sasa niambie, ungejibuje? Mtu mzima kakushika mkono, kakusemea, wewe umkane mbele ya watu? Mimi nimelelewa. Nikasema, "Ndiyo, Sheha. Jirani yangu, anakaa chini." Na miguu yake niliitazama, usinione mjinga. Ilikuwa miguu ya mtu, imevaa makubadhi.

Barua ikaandikwa. Nilipogeuka kumshukuru, hayupo. Furaha ilikuwa imenizidi, sikumtafuta, nikaenda zangu uhamiaji na kibali nikapata.

Jioni ile ile nikasikia mtu anafagia chini. Nikashuka. Kufuli liko pale pale na kutu yake. Asubuhi nilipoanza kumwimbia mwanangu, sauti ikaniitikia kutoka chini, nami nikatoka mbio mpaka Kikwajuni kwa Bi Zuhura, shangazi yake mume wangu, aliyezaliwa katika nyumba ile. Nilimweleza kuhusu kufagia, na wimbo, na bibi wa buibui. Akakaa sakafuni.

"Yule ni jini wa chumba cha chini, tulimtoa kwa kisomo mie nikiwa mwari," akasema. "Hana ruhusa ya kurudi mpaka mtu wa nyumba aseme kwa kinywa chake kwamba jini yule anakaa mle. Nani kasema?"

Mimi nilikuwa nimeshasema, tena mbele ya serikali!

Walimu wakaitwa wakasoma. Chumba kikavunjwa kufuli: kitupu, kimefagiwa safi. Mwalimu mkubwa akamwamuru atoke. Wallahi, sote tulimsikia, kwa sauti ile ile ya upole: "Sitoki. Nna shahidi."

Mwanangu sasa anatembea. Bado tunakaa pale pale, maana kibali changu ni cha nyumba ile, na kuhama ni kuanza upya kwa sheha mwingine na kutafuta shahidi mwingine, nami mashahidi nimewaogopa. Kila nikishuka ngazi ninamwamkia bibi, naye huitikia. Mtoto akilia nikiwa jikoni, hunyamazishwa kabla sijamfikia. Mume wangu anasema nimekonda. Nisikonde vipi?

Basi wewe unayehangaikia kibali katika nchi ya watu, nisikilize. Ukiulizwa kama unamjua mtu, na humjui, sema humjui. Utaonekana huna adabu. Na waseme, lakini nyumbani kwako utalala peke yako.